Fundo la Mwanaisha

Anli, mume wangu usiye na haya,

Miaka mitatu. Miaka mitatu hukukanyaga uwanja huu, kisha umekuja kwa siku nne, na siku zote nne umekaa juu ya paa langu kama kunguru anayekausha mbawa. Hata sasa ninavyosema maneno haya nazisikia nyayo zako kwenye bati, krr, krr. Ungekuwa mwizi ningekwisha kukupigia ukelele. Majirani wananiuliza, "Bi Atija, mjukuu kaja?" Nawajibu, kaja, lakini kwangu hajafika, kaishia kwenye bati.

Ndiyo maana ya barua. Bibi na mjukuu wamo nyumba moja, mmoja chini mmoja juu, wanaandikiana barua kama watu waliogawanywa na bahari. Nifanyeje? Kila nikifungua kinywa unasema, "Subiri, Bibi, mtandao unapanda." Nikisubiri unasema, "Subiri, Bibi, unashuka." Mie sijaona kilichopanda wala kilichoshuka, ila wewe. Kesho asubuhi gari linakuchukua, unarudi zako Pemba yetu ya Msumbiji, na utakaa huko mpaka lini Mungu ndiye ajuaye. Barua hii utaisoma garini, ambako hutakuwa na paa la kukimbilia.

Mie sikusoma, unajua. Anayeniandikia ni Zainabu, binti wa jirani yetu Mwanaisha, yule anayekaa mlangoni pale hospitali akiandika majina ya wagonjwa. Nimemwita kwa sababu mwandiko wake unasomeka. Nimemwambia aandike kila kinachotoka mdomoni mwangu, matusi na yote, asinisafishie. Anacheka. Andika na hilo, Zainabu, kwamba unacheka.

Mambo ya ule nini, ulale saa ngapi, ufuliwe na nani, sitakwambia. Una ndevu sita sasa, nimezihesabu ulipokuwa unakunywa chai. Nina mambo mawili tu. La kwanza ni hiyo mashine yako. La pili ni ile picha uliyoiona sandukuni mwangu, ukaniuliza, "Bibi, huyu nani?" nikakwambia funga mdomo wako. Ukaufunga. Katika siku nne, ni hilo tu ulilonitii.

Tuanze na mashine, maana ndiyo uliyokuja kuitembelea.

Uliposhuka garini na mfuko mzito nikasema moyoni, kaniletea kanga. Nikaona aibu kidogo, nikakumbuka nilivyokusema kwa watu. Ukafungua mfuko, ukatoa kidude cheusi ukubwa wa tofali, na vingine viwili vidogo vimebanwa ubavuni, na mikia ya waya kama pweza. Nikakuuliza, hii inapika?

"Haipiki, Bibi."

Inaimba?

"Haiimbi."

Sasa inafanya nini?

"Inahifadhi."

Inahifadhi nini?

"Vitu vya watu. Picha zao, karatasi zao, kazi zao."

Watu gani?

"Siwajui. Wako popote, Ulaya, Brazili, kokote."

Kwani wao hawana nyumba?

Ukacheka mpaka ukashika mbavu. Mie sikucheka, nilikuwa nauliza. Mtu ana picha ya harusi yake, badala ya kuitundika ukutani anaituma Quionga, kijijini hapa, kwa bibi kizee asiyemjua, ikae chini ya dirisha lake pamoja na vifuu. Mtu huyo ana akili? Ukaniambia haiji nzima. Inakatwakatwa kama nguru, kila kipande kinafungwa namna kisisomeke, kisha vinatawanywa kwenye nyumba za watu wasiojuana. Mwenyewe akiitaka, anaviita, vinakusanyika, anapata nguru wake mzima. Nikakuuliza, wewe wamekupa kipande gani, mkia au kichwa? Ukasema, "Hata mimi sijui, Bibi. Kipo ndani, lakini siwezi kukisoma." Na uso wako ulikuwa na fahari uliposema hivyo! Nimekulea kwa uji wa mtama, nimekutuma shule ili mmoja katika nyumba hii ajue kusoma, ukaenda mpaka chuo cha kompyuta, ukarudi kuniambia kazi yako ni kutunza usichoweza kusoma. Hiyo kazi hata mie ningeifanya. Sikuhitaji kwenda Pemba.

Mnaliita nuvem. Wingu. Nimeyajua mawingu tangu sijaota meno. Wingu lina mvua au lina uongo. Hili lenu halina mvua, linakula umeme wa jua wa paa langu, linapumua usiku kucha kama mgonjwa wa pumu, na vitaa vyake vinanikonyeza kama mwanamume wa sokoni. Wanakulipa kwa sarafu isiyolia ukiitupa mezani. Hayo ni yako, sitaki kuyajua. Ukasema Pemba unazo mbili, lakini wenye mtandao hawapendi zote zikae mahali pamoja, wanapenda nyumba ziwe mbalimbali. Basi ukaikumbuka nyumba ya Bibi. Miaka mitatu hukuikumbuka kwa ajili ya Bibi, umeikumbuka kwa sababu iko mbali.

Na kuna jambo moja lililonichoma. Uliniambia mashine hii inaulizwa kutwa. Wanaiuliza kutoka huko waliko: Upo? Kipande fulani bado unacho? Kilete nikione. Ikijibu, vizuri. Ikinyamaza saa kadhaa, wanaiandikia kosa. Ikinyamaza siku nyingi, wanaihesabu imekufa, wanavitengeneza vipande vyake upya kwenye nyumba nyingine, na hawaiamini tena. Sikiliza hilo vizuri, mume wangu. Tofali linajuliwa hali kila dakika. Mie nilijuliwa hali Idi mbili, kwa simu, na mara zote mbili ulikuwa na biriani mdomoni.

Sasa nitasema kosa langu la juzi, maana ulinipigia kelele mbele ya watu, na sikupata nafasi ya kukujibu.

Ulikwenda Palma kufuata waya. Ulipotoka tu, watoto wakajaa dirishani kutazama vitaa, na nyuma ya watoto mama zao, na nyuma ya mama zao wanaume wanaojidai wanapita. Nikasema, hili si jambo. Kwetu amana ya mtu haikai sebuleni ikakonyeza wapita njia. Amana inafunikwa, inashushwa chini kabisa ya sanduku, ufunguo unakaa kifuani, na aliyeipokea haulizi ndani mna nini. Hivyo ndivyo alivyofanya mama yangu na mama yake. Na wewe ulisema mwenyewe, vitu vya watu. Basi nikaivisha kanga mbili, nikaishusha sandukuni, chini ya nguo. Waya sikuuchomoa, maana ulinikataza, niliupitisha kwenye tundu walilolitoboa panya. Nikafunga. Nikajisikia mtu wa maana.

Umerudi, unanusa kama mbwa. "Bibi, mashine iko wapi?" Nikakujibu kwa madaha, imehifadhiwa. "Imehifadhiwa wapi?" Nikakuonyesha sanduku. Anli, sijawahi kusikia mwanamume akilia namna ile ila kwenye kutahiriwa. "Bibi, umeiua! Inataka hewa!" Ukaitoa, ina moto kama kikaango, kanga yangu ya maua imeungua alama ya kahawia. Haikufa. Imepona, inakonyeza tena. Na sasa umeiwekea feni. Nimeishi mpaka nimeona amana inayopepewa, na mwenye nyumba analala na jasho.

Ulipokuwa unanyofoa nguo zangu ndipo ile picha ikaanguka. Mwanamume amesimama, amevaa koti, mkono juu ya kiti. Ukaiokota. Ukauliza.

Kisha jana umeketi mbele yangu, mara ya kwanza uliketi, ukanishika mikono ukasema, "Bibi, niahidi hutaizima. Nikiondoka, ni wewe tu." Nikasema jibu utalipata siku ya kuondoka. Ukashangaa. Ulidhani jibu ni jepesi, bibi kizee na swichi. Si jepesi. Niliwahi kukabidhiwa amana, na sikuitunza, na picha ile ndiyo iliyobaki.

Nilisema juu hapo kwamba nimemwita Zainabu kwa sababu mwandiko wake unasomeka. Uongo. Mwalimu wa madrasa yuko hapo nyuma tu, na mwandiko wake ni mzuri kuliko huu. Nimemwita Zainabu kwa sababu maneno yanayokuja yana mwenyewe, na mwenyewe ni yeye na mama yake. Kaniangalia. Andika, mwanangu. Ukifika mahali pa kuacha utaacha.

Wakati ule nyumba ya Mwanaisha ilikuwa ya makuti, na makuti yenyewe yalikuwa yamechoka. Mvua ikinyesha walikuwa wanahama pembe hii kwenda pembe ile na sufuria mikononi. Siku moja akaja na kopo la biskuti, lile la bati, kifuniko kimefungwa kwa ukanda wa kanga, fundo mara tatu. Akasema, "Shoga, bati lako halivuji. Niwekee." Nikapokea. Sikuuliza. Likashuka chini ya sanduku, likakaa masika mawili.

Siku tuliyokimbia vita unaikumbuka, ulikuwa na miaka kumi na tatu. Watu walitokea upande wa kusini wakikimbia na magodoro kichwani, hakuna aliyesimama kueleza. Mwanaisha na wanawe walishika njia ya pwani. Mie na wewe tulishika njia ya mto Ruvuma. Nilibeba sufuria, unga, na kopo. Herini zangu za dhahabu niliziacha. Mpaka hapo unisifu, maana mbele hakuna cha kusifu.

Siku ya pili ikanyesha mvua mchana kutwa. Homa ikakushika, meno yako yanagongana mpaka wenzetu wa njiani wakageuka kutazama. Tukaketi chini ya mkorosho. Mwenzetu mmoja alikuwa na kiberiti kikavu ndani ya plastiki, lakini kuni hakuna ila mbichi, majani mabichi, nguo mbichi, kila kitu duniani kibichi. Kitu kikavu kilikuwa kimoja. Nikalivuta kopo. Lile fundo halikufunguka kwa vidole, nikalifungua kwa meno.

Ndani ya kopo mlikuwa na karatasi. Nyingine zina mihuri, nyingine zimekunjwa ndani ya nailoni. Na picha moja. Picha niliisoma, picha haihitaji shule. Alikuwa Bakari, marehemu mume wa Mwanaisha, baba yake Zainabu, amevaa koti la kuazima la mpiga picha. Nikaitia kifuani. Karatasi nikazigeuza huku, nikazigeuza kule. Kwangu mie karatasi ni sisimizi waliokufa kwenye mstari. Nikasema, hizi ni karatasi za serikali, na serikali yenyewe imekimbia. Nikasema, kisichonisemesha hakina la kusema. Nikazichoma moja moja, taratibu, ili zishike vijiti. Vijiti vikashika. Ukaota moto, ukaacha kutetemeka, ukalala juu ya paja langu na mdomo wazi.

Tuliporudi kijijini, Mwanaisha alikuwa ametangulia. Hakuuliza siku ya kwanza. Siku ya pili akaja, "Shoga, kopo langu bado unalo?" Nikamwambia, wezi waliingia ndani, wamebeba kila kitu. Akanishika mkono. Akaniambia mie pole. Yeye, Anli, yeye ndiye aliyenipa pole mie. Tangu siku hiyo tumekaa barazani tukiwalaani wezi pamoja, na mie ndiye niliyekuwa nalaani kwa sauti kubwa.

Karatasi zile zilikuwa sedula, vyeti vya kuzaliwa vya wanawe. Bila sedula hakuna bilyete ya kitambulisho, bila bilyete hakuna mtihani. Zainabu akakaa nyumbani miaka miwili, wenzake wakimpita na madaftari. Ikatakiwa mashahidi waseme kweli mtoto huyu alizaliwa. Shahidi mmoja nilikuwa mie. Nilisimama mbele ya karani, nikatia kidole gumba kwenye wino, nikashuhudia kwamba yupo, mie niliyeuchoma ushahidi wake. Tuliporudi Mwanaisha akaniletea vitumbua vya kunishukuru. Nikavila. Vilikuwa vitamu, Anli. Usidhani dhambi inaharibu ladha ya kitumbua.

Hapa Zainabu ameweka kalamu chini.

Haya yanayofuata nayasema baada ya muda, jua limehama kutoka kizingitini mpaka kwenye mtungi. Nilidhani atalia au atanitukana. Kulikuwa na nyayo zako tu kule juu, krr, krr, unatafuta wingu. Kisha akasema, "Kwa hiyo picha ya baba unayo." Hakuuliza karatasi. Alikuwa mdogo Bakari alipofariki, sura yake haikumbuki. Nikafungua sanduku nikampa. Akaitazama mpaka nikachoka kusimama.

"Nina pua yake," akasema.

Nikamwambia, tangu unazaliwa.

"Na ulikuwa unaiona kila siku nikipita mbele yako."

Kila siku.

"Mama utamwambia mwenyewe," akasema. "Mie sikubebei."

Nikajifunga kanga, nikaenda. Ni uzio mmoja tu baina yetu, nimeuvuka mara ngapi kuomba chumvi, lakini leo nilisimama pale kama mposaji aliyekataliwa. Mwanaisha alikuwa anamenya mihogo. Nikamwambia yote, nimesimama, hakunikaribisha kiti kwa sababu sikumpa nafasi. Akaendelea kumenya. Alipomaliza muhogo aliokuwa nao mkononi akasema, "Miaka yote hii nimewalaani watu kwa kopo ambalo hawakuliona."

Nikasema ndiyo.

"Karatasi ulizichomea nini?"

Anli alikuwa anakufa kwa baridi.

Akatikisa kichwa, pole pole, kama mtu anayekubali bei. Nikapumua. Nikaona imekwisha. Na mie mpumbavu, kwa kutaka kujipamba, nikamwambia, lakini picha ya Bakari sikuichoma, shoga, niliitia kifuani, nimeitunza mpaka leo, ninayo.

Kisu kikasimama.

"Unayo," akasema. "Nimesahau sauti yake, Atija. Nimesahau na uso. Nafumba macho simpati, nampata mtu mwingine yeyote. Na wewe umemweka mume wangu sandukuni mwako, chini ya nguo zako, ili uongo wako usionekane." Kisha akasema, "Karatasi nimekusamehe hapa hapa, mtoto ni mtoto. Bakari siwezi leo. Ondoka, kabla sijakumenya wewe."

Nimeondoka.

Unaona mjinga alivyo? Nilichokichoma si kilichonitia hatiani. Kilichonitia hatiani ni nilichokihifadhi. Miaka yote nilijiambia, Atija, angalau picha umeitunza, wewe si mtu mbaya kabisa. Kumbe kutunza bila kurudisha ni wizi wenye subira. Niliulizwa, bado unalo? Nikakana na kitu nikiwa nacho. Tofali lako halifanyi hivyo. Linaulizwa, linatoa. Nalidharau, lakini kwa hilo limenizidi.

Niliporudi nilimkuta Zainabu kaketi pale pale, picha mapajani. Akauliza, "Tumeishia wapi?" Nikamwambia kwenye vitumbua. Akachukua kalamu. Utaona kuanzia pale mwandiko umelala upande. Usimcheke.

Basi jibu lako. Nitaitunza mashine yako.

Si kwa sababu nimelipenda wingu. Wingu lenu ni upuuzi, na wenye vitu wasiokaa na vitu vyao ni watu wa ajabu, na wewe unayepanda paa kuwatafutia nafasi ni wa ajabu kuliko wao. Nitaitunza kwa sababu ulisema hata wewe huwezi kukisoma kilichomo. Niliwahi kukishika nisichoweza kukisoma, nikakiona takataka. Huenda humo mna sedula ya mtoto wa mtu. Huenda mna kipande cha koti la kuazima, kipande cha mkono juu ya kiti. Mie sitakijua, na tofali halitakijua. Basi kikae. Nitaifuta chumvi ya bahari asubuhi na jioni, sitaivisha kanga, na feni nitaliacha limpepee huyo mgeni, mie nitalala barazani.

Lakini kuna jambo ulilonieleza jana, nikakufanya ulirudie mara mbili. Uliniambia mashine ikitaka kuacha kazi haikimbii tu. Inaaga. Inasema nataka kuondoka, kisha inavikabidhi vipande vyake kwa nyumba nyingine, kimoja kimoja, mpaka mikono iwe mitupu, ndipo inazimwa. Tofali lina adabu hiyo. Wewe uliondoka miaka mitatu iliyopita mie niko kisimani, nikarudi nikakuta kitanda kimetandikwa. Ulitandika vizuri, nakumbuka, na nilikitazama kile kitanda nikatamani ungekiacha kimevurugika.

Kwa hiyo nikimaliza tu maneno haya nitakuita ushuke kwenye paa, umfundishe Zainabu namna ya kuifanya mashine iage. Tukilazimika kuondoka hapa tena, na tusiombe, nataka mara hii vitu vya watu vitangulie kukabidhiwa. Nimemuuliza kama atakubali kujifunza. Amesema, "Nitajifunza, Bibi. Si kwa ajili yako." Sawa. Mie sikuomba iwe kwa ajili yangu.

Na neno moja ulilitumia, nikamuuliza Zainabu maana yake. Ulisema kwenye mtandao wenu nyumba kama hii inaitwa nó. Zainabu anasema kwa Kireno nó ni fundo. Fundo, kama lile la Mwanaisha. Ungeniambia tangu siku ya kwanza! Mashine nisiyoijua ya nini kwangu, lakini fundo nalijua, nililifungua kwa meno nikiwa sina ruhusa. Hili halifunguliwi na mtu. Ila usidhani ukifunga fundo lako nyumbani kwangu basi umenifunga na mie, na unaweza kukaa Pemba ukitazama kwenye simu kama vitaa vinawaka, ukasema Bibi mzima. Vitaa vikiwaka maana yake tofali ni zima. Habari zangu ziko mdomoni mwangu.

Ukija safari nyingine, usianzie kwangu, na paa usiliangalie. Shuka garini uende moja kwa moja kwa Mwanaisha. Usibebe sukari wala kanga, asidhani umetumwa kumbembeleza. Keti chini, hata akikupa kiti. Akikuuliza wewe ni nani, maana atajifanya hakujui, usitaje jina langu. Sema, "Mie ndiye niliyeota ule moto." Kisha unyamaze, akutazame anavyotaka, ndevu sita na mabega hayo, aone karatasi zake zimekuwa nini. Akimaliza kukutazama, ndipo uje kwangu, na upite mlangoni.